Unga wa nyenje na kumbikumbi kwa uji wa watoto wa miezi 6 hadi 23: shajara ya mradi, Siaya

Shajara hii inafuata utengenezaji wa unga wa uji wenye nyenje wa kufugwa na kumbikumbi wa msimu, kwa watoto walioanza kula huku wakiendelea kunyonya. Kazi inafanywa na kikundi cha akina mama katika Kaunti ya Siaya. Bei zote ni shilingi za Kenya, na kazi ya wanakikundi haijahesabiwa. Hatua za kawaida zimepitwa haraka. Palipoharibika ndipo tumekaa.

8 Januari 2024: Hesabu kabla ya kununua chochote

Mtoto akitimiza miezi 6, akiba ya chuma aliyozaliwa nayo inakuwa imepungua, na maziwa ya mama, pamoja na uzuri wake wote, yana chuma kidogo sana. Viwango vya Marekani kwa mtoto wa miezi 7 hadi 12 ni miligramu 11 za chuma na 3 za zinki kwa siku. Akivuka mwaka mmoja, chuma kinashuka hadi 7 na zinki inabaki 3. Tumbo lake nalo ni dogo: linabeba takriban gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake katika mlo mmoja.

Kwa hiyo takwimu za "madini kwa gramu 100" zinapotosha. Hakuna mtoto wa miezi 8 atakayemaliza gramu 100 za mdudu mkavu. Tulipogawanya unga katika milo miwili kwa siku, kiasi kinachoingia mdomoni bila kuharibu ladha ya uji ni gramu 7 hivi za kila aina ya mdudu. Hesabu yote tumeifanya kwa gramu 7.

Nyenje wa kufugwa, Acheta domesticus, akiwa mkubwa na amekaushwa, ana takriban miligramu 6 za chuma, 22 za zinki na 130 za kalsiamu katika gramu 100. Gramu 7 zinampa mtoto chuma 0.4 na zinki 1.5. Yaani nusu ya zinki ya siku nzima, na chuma cha kuonja tu. Wanaotangaza nyenje kama dawa ya upungufu wa damu wapunguze kelele. Sifa ya nyenje ni zinki na protini.

Kumbikumbi wa Macrotermes subhyalinus, ambaye Wajaluo humwita agoro, amepimwa hapa hapa magharibi mwa Kenya na kukutwa na miligramu 53 hivi za chuma na 8 za zinki katika gramu 100 kavu. Gramu 7 zinatoa chuma 3.7 na zinki 0.6. Ukiwaunganisha hao wawili unapata chuma 4.1 na zinki 2.1 kwa siku, bila kuhesabu nafaka.

Hicho ni kilichomo ndani ya bakuli, si kile kinachofyonzwa mwilini. Huko Mumias, pia magharibi mwa Kenya, watoto waliwahi kupewa unga wa punje za mchicha, mahindi, kumbikumbi na omena (dagaa wa ziwani) katika jaribio la chakula cha watoto liitwalo WinFood. Unga huo haukukuza watoto kuliko mchanganyiko wa mahindi na soya ulioongezwa madini, na kwa upande wa chuma ulibaki nyuma yake. Punje za mchicha zina fitati nyingi, na fitati hushika chuma na zinki tumboni zikapita bila kufyonzwa. Kwa upande mwingine, jaribio la uji wa viwavi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lililochapishwa 2015, halikupunguza udumavu, lakini watoto waliokula viwavi walikuwa na himoglobini ya juu na waliopungukiwa damu walikuwa wachache zaidi.

Uamuzi: nyenje kwa zinki, kumbikumbi kwa chuma, wimbi na omena kwa kalsiamu, na nguvu nyingi ziende kwenye kupunguza fitati za nafaka. Unga huu hauchukui nafasi ya pakiti za virutubishi zinazotolewa kliniki, ambazo moja tu ina miligramu 10 za chuma au zaidi kidogo. Vidonge na matone ya chuma yanabaki mikononi mwa mhudumu wa afya, hasa eneo hili lenye malaria.

20 Januari: Banda na makontena

Vilivyonunuliwa: makontena 6 ya plastiki ya lita 100 (950 kila moja), trei kuukuu za mayai 60 (10 kila moja), neti ya kufunikia mita 6 (720), kipimajoto chenye kupima na unyevu (850), mayai ya nyenje vyombo 3 (1,500), mbao na misumari ya rafu (2,300), gundi ya utepe inayong'aa roli 2 (300). Jumla 11,970.

Trei zisimamishwe wima, zisilazwe. Zikilala, kinyesi kinajikusanya juu ya karatasi, unyevu unapanda na ukungu unaota. Utepe unaong'aa unazungushwa ndani karibu na mdomo wa kontena, kwa sababu nyenje hawezi kupanda sehemu laini. Plastiki mpya inateleza yenyewe, lakini ikishakwaruzwa wakati wa kusafishwa wanapanda kama ngazi.

Vyombo vya mayai vilikaa nyuzi 28 hadi 30 za Selsiasi, udongo wake ukiwa na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Watoto wa nyenje, yaani tunutu, walianza kutoka siku ya 12.

17 Februari: Vifo

Hapa ndipo wengi huacha mradi, kwa hiyo tunaeleza kila chanzo.

Maji. Tunutu wa wiki ya kwanza anazama katika tone. Kifuniko cha chupa chenye maji kiliua wengi usiku mmoja. Sasa tunaweka pamba au sponji iliyolowa juu ya kifuniko, inabadilishwa kila siku la sivyo inanuka na kuleta nzi.

Baridi. Usiku banda lilishuka hadi nyuzi 18. Nyenje hafi kwa baridi hiyo, ila anaacha kula, na wiki 8 za kukua zinakuwa 11 au 12. Jiko la makaa ndani ya banda lililofungwa ni hatari kwa anayeingia asubuhi, kwa sababu ya hewa yenye sumu. Tunachofanya ni kuweka mitungi miwili ya lita 20 yenye maji moto katikati ya rafu saa mbili usiku na kufunika rafu yote kwa blanketi, huku sehemu ya chini ikiachwa wazi hewa ipite. Joto linabaki juu ya 24 hadi alfajiri.

Sisimizi. Miguu ya rafu ilikuwa ndani ya makopo ya maji yenye oili chafu juu, na bado sisimizi wakaingia. Walipita kwenye pindo la blanketi lililogusa ukuta. Uzi mmoja unaogusa ukuta unatosha kuwa daraja. Rafu isogezwe shubiri moja kutoka ukutani na blanketi likunjwe juu.

Sumu ya mboga. Kontena moja liliisha lote ndani ya siku moja, nyenje wakilala chali miguu ikitetemeka. Chanzo kilikuwa sukumawiki ya sokoni iliyopuliziwa dawa. Kuosha hakukusaidia. Tangu hapo wanapewa majani ya viazi vitamu na mchicha kutoka shamba lisilopuliziwa chochote. Jambo hilo hilo lizingatiwe nyumba zinapopuliziwa dawa ya mbu: makontena yatoke kabla, yasirudi mpaka harufu iishe. Kwa kweli nyenje wanaokufa wanatoa taarifa muhimu, kwani mboga iliyowaua ilikuwa inaelekea kwenye sufuria ya mtu.

Chakula. Tulijaribu pumba za mahindi peke yake katika makontena mawili ili kupunguza gharama. Walikua polepole na kulana, hasa waliokuwa wanajivua ngozi na miili yao bado laini. Chakula cha vifaranga chenye protini karibu asilimia 20 ndicho kinachofaa. Muulize muuzaji kama kimetiwa dawa ya kuhara damu au antibiotiki. Kikiwa kimetiwa, usinunue, maana mlaji wa mwisho ni mtoto mchanga. Chakula chenye ukungu au harufu ya uvundo kitupwe kwa hofu ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu.

30 Machi: Mavuno ya kwanza

Madume yakishalia kwa wiki moja, majike yamekomaa. Weka kwanza vyombo vya kutagia vyenye udongo laini wa kina cha sentimita 3 kwa usiku mmoja au miwili, vikiwa vimefunikwa wavu mpana ambao jike anaweza kupenyeza mwiba wake wa kutagia bila kufukua. Bila wavu wanachimbua mayai na kuyala.

Kabla ya kuua, nyenje wanahamishiwa kontena safi lenye trei mpya na maji tu, kwa saa 24. Tumbo likiwa tupu, unga unakuwa mweupe zaidi, hauna uchungu na bakteria wanapungua. Ukizidisha hadi saa 48 wanaanza kulana.

Kisha maji yanayochemka: lita 4 kwa kilo 1 ya nyenje, dakika 5 kuanzia yanapochemka tena. Sufuria ya kwanza ilikuwa na lita 3 kwa kilo 2. Maji yalipoa mara moja, na baada ya dakika 5 wale wa katikati walikuwa bado na matumbo ya uvuguvugu. Fungu lile liliondolewa na kuchemshwa upya.

Mavuno: kilo 4.2 hai kutoka makontena 6. Ni kidogo, kwa sababu ya vifo vya Februari.

13 Aprili: Kukausha katika mvua

Mwezi huu mvua zimemwagika Kenya nzima na mafuriko yamekata barabara. Kichanja cha jua chenye nailoni juu, ambacho kingemaliza kazi kwa siku mbili au tatu za Januari, kilishindwa. Siku ya pili nyenje walikuwa wakavu kwa nje na unyevu ndani ya tumbo. Siku ya tatu harufu ya uchachu. Tulimpasua mmoja kwa ukucha: utumbo wake ulikuwa bado uji wa kijivu. Fungu zima lilienda kwenye mbolea.

Kwa nini tusingewachemsha tena tu? Maji yanayochemka huua bakteria walio hai, lakini spora za aina kama Bacillus cereus hubaki. Mdudu aliyechemshwa kisha akakaa chini ya mawingu, vuguvugu na unyevu, anazipa spora hizo nafasi ya kuamka na kuzaana bila mshindani. Baadhi huacha sumu ambayo kuchemsha tena hakuiondoi. Kwa mtu mzima ni tumbo la kuuma. Kwa mtoto wa miezi 7 ni kuhara na kupungukiwa maji.

Suluhisho: tanuri la makaa linalotumiwa kuoka mikate, moto ukiwa umeshuka, joto kati ya nyuzi 60 na 70. Nyenje wanatandazwa safu moja tu kwenye trei, wasipandane, na kugeuzwa kila saa. Inachukua saa 8 hadi 10. Mlango uwe wazi kidogo mvuke utoke. Fungu lililopanda hadi nyuzi 110 liliungua mafuta yake, likawa chungu na rangi ya kahawa. Likaenda kwa kuku.

Jinsi ya kujua wamekauka: mguu unavunjika kwa mlio, tumbo likisuguliwa kati ya vidole linakuwa chenga bila kuganda. Ila usitegemee vidole peke yake. Pima uzito, rudisha tanurini saa moja, pima tena. Uzito usipobadilika, wamekauka. Kilo 3 za nyenje waliochemshwa hubaki gramu 900 hadi kilo 1.

Kama mvua inanyesha na huna tanuri, usivune. Waache waendelee kula wiki moja zaidi. Chakula cha wiki ni nafuu kuliko fungu la kutupa.

27 Aprili: Kumbikumbi

Msimu huu wamekuwa tele baada ya mvua. Njia ya mashimo, ambayo kumbikumbi huanguka ndani ya udongo wakitoka kichuguuni, inakusanya wengi kwa haraka na udongo mwingi pamoja nao. Njia ya taa juu ya beseni la maji inakusanya wachache lakini safi.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa katika suala la madini. Udongo mwekundu wa hapa una chuma kingi, kwa hiyo unga mchafu ukipelekwa maabara unatoa namba ya kupendeza sana. Chuma hicho ni cha kwenye udongo, kiko katika umbo ambalo utumbo wa mtoto haulifyonzi ipasavyo, na udongo unaweza kuja na mayai ya minyoo. Mtu akikuonyesha unga wa wadudu wenye chuma cha mamia ya miligramu katika gramu 100, muulize aliuosha vipi.

Kipimo cha nyumbani: kijiko kimoja cha unga katika glasi ya maji, koroga, acha dakika 10, kisha mimina polepole. Punje za mchanga zinabaki chini na zinasikika kwa kidole. Unga wa kumbikumbi wa mashimo ulibakiza utando mwekundu hata baada ya kusuuzwa mara moja. Tumeacha mashimo kabisa kwa unga wa watoto. Wa taa wanasuuzwa kwa maji matatu, wanachemshwa dakika 5, wanakaangwa bila mafuta hadi mbawa zilegee, kisha wanapepetwa kwa ungo. Baada ya hapo wanamalizikia tanurini kama nyenje.

Kabla ya kutega taa, uliza mwenye shamba kama kichuguu kimewahi kutiwa dawa. Kikiwa kimetiwa, hata miaka miwili iliyopita, tunaacha. Wanaonunuliwa sokoni wakiwa wakavu (tulipata kwa 600 kwa kilo) hawana historia, kwa hiyo tunanunua kwa mwanakikundi anayejua kichuguu chake.

18 Mei: Kusaga

Nyenje mkavu ana mafuta karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake, na kumbikumbi ana mengi zaidi. Tulipowasaga peke yao kwenye posho mili, chekecheke la mashine lilijaa bandiko la kahawia na mwenye mashine akatufukuza kwa haki. Kinachofanya kazi: changanya sehemu 1 ya wadudu na sehemu 3 za nafaka iliyokaushwa vizuri, saga pamoja. Nafaka inafyonza mafuta na kusukuma unga utoke. Saga kilo 2 za mahindi kwanza ili kusafisha mashine, na unga huo uliwe nyumbani na watu wazima.

Kabla ya kusaga, toa miguu ya nyuma na mbawa za nyenje. Miguu ina miiba, na ganda lake halisagiki sawasawa. Wakishakauka, wasugue kwa mikono ndani ya gunia safi kisha pepeta: miguu na mbawa zinaruka na upepo. Katika kilo 1 unapoteza gramu 100 hadi 130, na hizo zinawafaa kuku.

Unga wa kwanza haukuchekechwa. Uji wake uliwafanya watoto wawili wakohoe kwa kujikwaruza kooni, na kijiko kilipotazamwa juani vilionekana vipande vyembamba vya ganda kama nywele fupi. Tangu hapo kila unga unapita kwenye chekecheke la chai lenye matundu madogo kabisa, na kinachobaki juu kinasagwa tena au kutupwa.

8 Juni: Mchanganyiko na uji

Kwa kilo 1 ya unga:

mahindi meupe yaliyolowekwa saa 24, yakasuuzwa na kukaushwa: gramu 450
wimbi lililooteshwa: gramu 300
nyenje: gramu 100
kumbikumbi: gramu 100
omena bila vichwa, waliosuuzwa mchanga na kukaushwa tanurini: gramu 50

Karanga tumeziacha makusudi. Zinaongeza nguvu na ladha, lakini za soko la hapa mara nyingi huwa na sumukuvu, na hatuna njia ya kuipima. Sukari haimo.

Wimbi linalowekwa saa 12, linatandazwa kwenye gunia lenye unyevu, linageuzwa asubuhi na jioni kwa saa 48, linakaushwa, kisha machipukizi yanasuguliwa na kupepetwa. Kuotesha kunavunja sehemu ya fitati na kuamsha vimeng'enya vinavyolainisha wanga. Fungu la kwanza liliota ukungu wa kijani katikati, kwa sababu lilitandazwa nene kuliko kidole na halikugeuzwa usiku. Fungu la namna hiyo halioshwi wala halikaangwi, linatupwa lote. Wimbi jekundu sana lina tanini nyingi, nazo pia hushika chuma, kwa hiyo tunachagua la rangi hafifu linapopatikana.

Kupika mlo mmoja: gramu 35 za unga (vijiko vya kulia vitatu vilivyojaa) katika mililita 250 za maji baridi. Anza na maji baridi, pasha polepole. Kimea, yaani lile wimbi lililooteshwa, kinafanya kazi joto linapopanda. Ukitupa unga kwenye maji yanayotokota unakiua kabla hakijalainisha chochote, na uji unakuwa mzito kiasi cha kumwongezea mama hamu ya kutia maji. Ndivyo mtoto anavyojazwa maji badala ya chakula. Ukichemka, endelea dakika 15 ukikoroga. Muda huo haupunguzwi, kwa sababu nafaka inayoota hukuza bakteria pia. Uji uliofaa unakaa kwenye kijiko ukikiinamisha kidogo, kisha unadondoka kwa mafungu. Ukitiririka kama chai, ongeza unga.

Baada ya kuepua, ponda pera bivu au kamua nusu chungwa ndani yake ukiwa vuguvugu. Vitamini C inasaidia kufyonza chuma cha nafaka na cha wadudu kwa pamoja, na haipendi moto. Chai isitolewe pamoja na uji huu, hata ya maziwa. Hili ndilo lililokuwa gumu kukubalika kuliko wadudu wenyewe.

Wasiopenda harufu walipendelea uji uliochachushwa: koroga unga na maji ya vuguvugu pamoja na kijiko cha mchachu wa jana uliobakizwa kabla ya kupikwa, funika usiku kucha, kisha upike asubuhi kwa dakika zile zile 15. Uchachu unapunguza fitati zaidi na kufunika harufu ya kumbikumbi.

6 Julai: Kuwaanzishia watoto

Hakuna mtoto aliye chini ya miezi 6. Mtoto aliyewahi kupata mzio wa kaa au kamba, au ambaye mzazi wake anao, hapewi bila kumwona daktari, kwa kuwa protini za wadudu zinafanana na za wanyama hao na za wadudu wa vumbi la nyumbani.

Wengine wanaanza na robo kijiko cha chai cha uji, asubuhi, siku ambayo kliniki iko wazi. Siku tatu bila chakula kingine kipya. Vipele vya kuwasha, midomo kuvimba, kutapika mfululizo au kukoroma kifuani: acha mara moja na uende kituo cha afya, usingoje jioni. Mtoto mmoja alitoka vipele shingoni siku ya pili. Akaachishwa na anaendelea na uji wa wimbi na omena.

Watoto chini ya miezi 12 walipokea bila shida. Waliozidi miezi 18 walikuwa wameshaona dada zao wakikunja pua, nao wakakunja. Kwao tulipunguza wadudu hadi nusu kwa wiki mbili kisha tukarudisha.

10 Agosti: Hifadhi na maabara

Unga uliofungwa kwenye mifuko myeupe ya nailoni na kuwekwa dirishani ulinuka mafuta yaliyooza baada ya wiki 6. Mwanga, hewa na mafuta ya mdudu havipatani. Sasa tunahifadhi nyenje na kumbikumbi wakiwa wazima na wakavu katika ndoo yenye kifuniko cha kubana, gizani, na kusaga unga wa wiki mbili tu.

Sampuli ya kwanza ya maabara ilirudi na bakteria wa utumbo wengi kuliko inavyokubalika kwa chakula cha watoto, ingawa kuchemsha na kukausha kulifanyika ipasavyo. Tulifuata njia ya unga nyuma hatua kwa hatua: nyenje waliotoka tanurini walimiminwa kwenye beseni lile lile walimowekwa wakiwa hai. Beseni jekundu sasa ni la wabichi na jeupe la waliokwisha iva, na hayaoshwi kwa maji ya pamoja. Anayehudumia makontena haingii kwenye kusaga siku hiyo. Sampuli iliyofuata ilipita. Ada ya vipimo vya bakteria na madini kwa sampuli moja ilikuwa 6,500, gharama kubwa kuliko chakula cha mzunguko mzima.

Unga haunyunyizwi juu ya chakula kilichokwisha pikwa. Daima unapikwa.

7 Septemba: Gharama za mzunguko wa pili

Mavuno yalipanda hadi kilo 7.8 hai. Chakula cha vifaranga kilo 16 (1,200), makaa (450), kusaga (60): jumla 1,710. Baada ya kukausha na kutoa miguu na mbawa, zilibaki kilo 2.1 za nyenje, sawa na 814 kwa kilo.

Kilo 1 ya mchanganyiko: nyenje 81, kumbikumbi 60, mahindi 27, wimbi 45, omena 25, kusaga na moto 15. Jumla 253. Mtoto akila gramu 70 kwa siku, kilo inamfikisha wiki mbili, shilingi 18 hivi kwa siku.

Hesabu inayouma ni nyingine. Mtoto mmoja anatumia gramu 7 za nyenje kwa siku, gramu 420 kwa miezi miwili ya mzunguko. Kilo 2.1 zinatosha watoto 5. Makontena 6, rafu nzima, kuamka kupasha maji, kwa watoto 5. Anayetaka kulisha watoto 20 ahesabu makontena 24 kabla ya kutoa ahadi kwa akina mama.

Kuuza bado. Shirika la viwango la Kenya, KEBS, lilitoa viwango vya wadudu wanaoliwa na bidhaa zao mwaka 2020, na bila alama yake unga huu unabaki wa matumizi ya wanakikundi.

Mzunguko wa tatu umeanza na makontena 10. Nusu yao wanapewa chakula cha vifaranga kilichochanganywa na majani ya mlonge makavu, asilimia 10, ili tuone kama gharama ya chakula inashuka bila kurefusha wiki za kukua. Taa za kumbikumbi zitawashwa tena mvua za vuli zikianza Oktoba. Ndoo za kuhifadhia mbili zimeshaoshwa na kukaushwa.